Laptopu ya stesheneri: Windows mpya, mtandao hakuna

Ujumbe ulikuja kwa sauti, na nyuma yake nilisikia mashine ya fotokopi ikitema karatasi. "Fundi, njoo unitazamie. Tangu laptopu ipigwe Windows haishiki mtandao. Mwenzako anasema kadi imeungua, anataka elfu sitini."

Duka ni stesheneri kama zilivyo nyingi hapa Morogoro, hatua chache kutoka stendi ya Msamvu. Kompyuta tatu, mashine moja ya fotokopi inayoskani na kuchapisha, na ruta ya laini ya simu iliyopigiliwa juu ukutani karibu na feni. Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, wanafunzi wamejaa hadi barazani na bahasha zao za vyeti. Kompyuta moja ilikuwa inafanya kazi, nyingine imezimwa, na laptopu ya mama mwenye duka, ambayo ndiyo tegemeo, imekaa mezani inang'aa bila faida.

Kilichofanyika kabla yangu ni hiki. Laptopu ilikuwa imezidi uzito, inachukua dakika nyingi kuwaka. Fundi mmoja akaifungua, akatoa diski ya zamani, akaweka SSD, yaani diski mpya ya kasi, akapiga Windows 10 kwa flashi. Kwa upande huo sina la kumlaumu. Ilikuwa inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Diski ya zamani aliirudisha kwenye bahasha ya kaki na mama akaitupia kwenye droo ya risiti. Ikumbuke hiyo droo.

Basi, kadi imeungua? Hilo linajibika bila bisibisi. Unabofya kwa kitufe cha kulia kwenye alama ya Windows, unafungua orodha ya vifaa vyote vya kompyuta, unaangalia. Kadi iliyokufa, au iliyochomoka kwenye tundu lake, kwa kawaida haionekani kabisa. Hapa palikuwa na mstari wenye pembetatu ya njano na alama ya mshangao: kidhibiti cha mtandao kisicho na jina. Nikafungua sifa zake, nikaenda kwenye utambulisho wa kifaa, nikakuta PCI\VEN_10EC&DEV_C821.

Namba hizo ni kama kitambulisho cha uraia. Sehemu ya VEN ni mtengenezaji: 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, na 8086 ni Intel, ambao walijichukulia namba ya prosesa yao ya mwaka 1978. Sehemu ya DEV ndiyo kifaa chenyewe, na C821 ya Realtek ni RTL8821CE, kadi ya waifai na bluetooth kwa pamoja. Kadi inayotaja jina lake na la baba yake mara nyingi haijaungua. Ni Windows tu haina draiva ya kuongea nayo. Diski ya zamani ilikuwa nayo, tangu kiwandani. Flashi ya fundi haikuwa nayo.

Nikamwambia mama elfu sitini zake azirudishe mkobani. Akacheka, ila cheko la mtu ambaye bado ana foleni barazani.

Tatizo la draiva ya mtandao ni kwamba ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba: ili upate draiva unahitaji intaneti, na ili upate intaneti unahitaji draiva. Laptopu hizi nyembamba nazo hazina tundu la kebo ya LAN. Njia rahisi niliyoizoea ni simu ya Android na waya wake wa chaji, ule unaopitisha data, si ule wa mia tano wa kuchajia tu. Unachomeka, unaenda kwenye mipangilio ya simu, unawasha kugawa intaneti kwa USB. Windows inaiona simu kama vile umechomeka kebo ya mtandao, na draiva ya kazi hiyo inayo tayari. iPhone inasumbua kidogo, inataka programu ya Apple iwekwe kwanza.

Kabla ya kufanya lolote jingine niliingia kwenye mipangilio ya mtandao huo mpya nikauweka kuwa wa kupimwa (metered). Windows iliyopigwa jana ina njaa. Ikiona intaneti inaanza kuvuta masasisho, na bando la mama lilikuwa la siku moja. Ukiiwekea kipimo inatulia. Ila ujue kwamba ikitulia hivyo, kwa kawaida haivuti draiva yenyewe pia. Unaifuata mwenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa namba ya modeli iliyo chini ya tumbo lake.

Nikafungua kivinjari. Onyo jekundu: muunganisho huu si wa faragha. Nikajaribu tovuti nyingine, onyo lilelile. Alama ya mtandao kwenye kona inasema intaneti ipo. Nikaandika ping 8.8.8.8 kwenye dirisha jeusi, amri ya kubisha hodi kwenye mashine ya mbali uone kama itaitika, majibu yakaja manne kwa manne. Mtandao upo, tovuti hazifunguki.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza siku nzima kwa kuziamini alama. Ile alama ya kona Windows huichora baada ya kuchungulia ukurasa mmoja mdogo wa Microsoft usiotumia usimbaji wowote. Ukurasa huo haujali leo ni tarehe ngapi. Tovuti za siku hizi zinajali: kila moja ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Nikatazama chini kulia. 1 Januari 2018. Fundi alipofungua laptopu alichomoa betri, kama inavyotakiwa, na saa ya ubao ikarudi mwanzo. Kwa laptopu ile, vyeti vya tovuti zote vilikuwa bado havijazaliwa.

Nikarekebisha tarehe na saa, nikachagua ukanda wa saa wa Nairobi. Ndiyo, Nairobi. Dar es Salaam haimo kwenye orodha ya Windows, na nimeshawakuta watu wanaoacha ukanda wa Marekani uliokuja na flashi kisha wanasogeza mishale kwa mkono mpaka saa ifanane na ya ukutani. Hapo unaona saa sahihi, lakini ndani kompyuta inaamini iko saa nyingine kabisa, na baadaye utashangaa kwa nini barua pepe zinaonyesha zimetumwa kesho.

Tovuti zikafunguka. Draiva ikashuka, nikaiweka, pembetatu ikaondoka, orodha ya waifai za jirani ikajaa. Mama akasema "Alhamdulillah" na kuita mwanafunzi wa kwanza. Nikamwambia asubiri kidogo.

Nilichomoa simu, nikaunganisha waifai ya duka kwa pasiwedi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito pembeni mwa kabati. Ikakubali. Chini yake yakaja maneno ambayo kila fundi anayajua: imeunganishwa, hakuna intaneti.

Sasa niseme ukweli wangu. Nusu saa iliyofuata niliipoteza mwenyewe. Niliiambia laptopu isahau mtandao, nikauunganisha upya. Nikazima na kuwasha. Nikaandika netsh winsock reset, kisha netsh int ip reset, kisha nikawasha tena. Amri hizi zimekuwa kama panadoli, kila anayelalamika anapewa. Zinasaidia pale Windows ya zamani imevurugwa na programu za kujificha mtandaoni au antivairasi iliyoondolewa vibaya. Windows iliyopigwa jana haijavurugwa na kitu. Nilikuwa namnywesha dawa mtu mzima wa afya, na mama ananitazama.

Nilipotulia ndipo nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha namba ya kompyuta kwenye mtandao, kitu ambacho kilipaswa kuwa cha kwanza. Anwani: 169.254.83.17. Anwani inayoanza na 169.254 hakuna aliyekupa. Kompyuta imejipa yenyewe. Imebisha hodi kwenye mtandao, imeuliza nani anagawa namba hapa, haikujibiwa, ikajitungia ili isikae bure. Kwa anwani hiyo haitoki hata kufika kwenye ruta. Nikaandika ipconfig /renew kwa kuhakikisha, ikasubiri, ikarudi na jibu kwamba haikuipata seva ya DHCP, yaani huyo mgawaji wa namba.

"Mama, simu yako ikiingia kwenye waifai ya hapa inapata intaneti?"

"Simu haziingii hapa. Kijana aliyetufungia alizuia, wateja wasitumalizie bando."

Swali lile lingeulizwa mlangoni, ningeshaondoka. Aliyefunga hakuzuia simu hata moja. Alizima ugawaji wa namba kwenye ruta, kisha akaandika namba kwa mkono ndani ya kila kompyuta. Mtu mwenye simu na pasiwedi anaunganishwa, hapati namba, anadhani waifai ni mbovu, anakata tamaa. Ni kufunga duka kwa pazia: anayejua kuandika namba mwenyewe anapita. Lakini kwa miaka ilifanya kazi, na hakuna aliyeandika popote. Namba ya laptopu, nilivyodhani, ilikuwa sehemu moja tu duniani, ndani ya Windows ya diski iliyotolewa.

Nikahamia kompyuta iliyokuwa inafanya kazi, nikaandika ipconfig /all. Mstari wa DHCP ulisema hapana. Anwani 192.168.1.21, kinyago (subnet mask) 255.255.255.0, lango la kutokea, yaani ruta, 192.168.1.1. Nikapiga ping kwa 192.168.1.22, kimya. Basi ipo wazi, nikajisemea. Nikaiandika kwenye laptopu. Jambo moja linalokwamisha watu hapo: mipangilio mipya ya Windows 10 kwenye sehemu ya kinyago inataka urefu wake, yaani 24. Ukiandika 255.255.255.0 inakataa kuhifadhi bila kukueleza vizuri kosa ni nini. Sehemu ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, nayo usiiache tupu, la sivyo ping ya namba itajibu na majina ya tovuti yatagoma. Nikahifadhi, ukurasa ukafunguka, wanafunzi wakaanza kuhudumiwa. Nikalipwa, nikaondoka na soda mkononi.

Asubuhi yake simu ikaita saa mbili.

Kompyuta ya tatu, ile niliyoikuta imezimwa, ni ya kijana anayefanya kazi pale, naye siku ile alikuwa Kilosa msibani. Amerudi, amewasha, mtandao hana, na Windows inamwambia kuna mgongano wa anwani. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kompyuta ya kijana ndiyo ilikuwa 22. Nilipofika, ipconfig yake ilionyesha 192.168.1.22 yenye neno la kuwa imerudiwa, na chini yake ile 169.254 ya kujitungia.

Ping kimya haina maana kwamba namba haina mwenyewe. Kompyuta iliyozimwa haijibu. Hata iliyowashwa inaweza isijibu, kwa kuwa ukuta wa ulinzi wa Windows mara nyingi unazuia ping. Kwa iliyowashwa ipo njia ya kuinasa: ukishapiga ping, hata isipojibu, andika arp -a. Kama kuna mashine kwenye namba hiyo, utaona anwani yake ya kifaa imeandikwa mbele ya namba, maana swali la nani anamiliki namba hii mashine hulijibu hata ikikataa ping. Kwa iliyozimwa, hakuna amri. Unamuuliza mwenye duka ana kompyuta ngapi. Nilikuwa nimeziona tatu kwa macho yangu.

Na mama alikuwa na lake. "Halafu mashine ya fotokopi haileti tena zile skani. Zamani nikiskani inaingia yenyewe kwenye laptopu."

Nikaenda kwenye kioo cha mashine ya fotokopi, nikafungua kitabu chake cha anwani. Kulikuwa na jina moja la mama na njia ya folda, lakini sehemu ya anwani ilikuwa nyuma ya pasiwedi ya msimamizi ambayo hakuna anayeijua. Kwa hiyo haikutosha kutafuta namba yoyote iliyo wazi. Ilibidi laptopu irudishiwe namba yake ileile ya zamani, ambayo mashine ya fotokopi inaijua na sisi hatuijui.

"Mama, ile diski ya zamani ipo?"

Akafungua droo, akasogeza vitabu vya risiti, akatoa bahasha ya kaki.

Hii ndiyo sehemu ninayotaka fundi mwenzangu aisome mara mbili, kwa sababu mimi mwenyewe kwa miaka nilikuwa nikiona diski ya zamani ni ya kuokolea picha na nyaraka tu. Niliichomeka kwa kile kidude cha kugeuza SATA kuwa USB. Laptopu ikaiona kama E. Kama ingekuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, ingenidai ufunguo, haikuwa. Nikafungua dirisha jeusi kwa mamlaka ya msimamizi, nikaandika:

reg load HKLM\ZAMANI E:\Windows\System32\config\SYSTEM

Amri hiyo inalichukua daftari la mipangilio la Windows ile ya zamani, iliyolala kwenye diski, na kulifungua pembeni ya daftari la Windows mpya, kwa jina nililolichagua mwenyewe. Kisha nikafungua regedit, nikaingia HKLM, ZAMANI, ControlSet001, Services, Tcpip, Parameters, Interfaces. Ndani yake kuna folda kadhaa zenye majina marefu ya herufi na namba kwenye mabano, moja kwa kila kadi ambayo laptopu iliwahi kuwa nayo. Nyingi ni tupu au zina EnableDHCP yenye 1. Moja ilikuwa na 0. Chini yake: IPAddress 192.168.1.25, DefaultGateway 192.168.1.1, NameServer namba mbili za DNS.

Nilimwita kijana aje aone. Namba ambayo hakuna aliyeikumbuka, aliyeiandika namba yake haipatikani siku hizi, ilikuwa imekaa kwenye droo ya risiti muda wote huo.

Ukimaliza kusoma, funga daftari kwa reg unload HKLM\ZAMANI kabla ya kuchomoa diski. Na ukiwa bado umo ndani ya diski hiyo, draiva nazo zipo, kwenye Windows\System32\DriverStore\FileRepository. Ningeweza kuielekeza Windows mpya ikaitafute ya waifai humo siku ya kwanza kabisa, bila bando la mtu na bila simu. Siku hizi kabla ya kufomati naandika amri mbili, ipconfig /all kwenda kwenye faili la flashi, na ya kunakili draiva, dism /online /export-driver /destination:D:\draiva. Hazizidi muda wa kunywa chai.

Laptopu ikapewa 25, kijana akarudishiwa 22 yake, wote wawili wakapata mtandao. Nikatengeneza upya folda ya skani kwa jina lilelile, na jina la mtumiaji na pasiwedi kama mama alivyokumbuka ilivyokuwa. Nikabadilisha mtandao kutoka wa hadharani kuwa wa faragha, kwa sababu kwenye wa hadharani Windows haikubali mashine nyingine ifike kwenye folda zako. Skani. Mashine ya fotokopi ikafikiri, ikasema imeshindwa kuunganishwa.

Hilo lilinichukua muda, na sababu yake haimo kwenye namba yoyote. Mashine ile ni ya zamani, inatuma mafaili kwa lugha ya SMB toleo la 1. Windows ya zamani ilikuwa na lugha hiyo. Tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, Windows 10 ikipigwa upya haiweki ule upande wa SMB1 unaopokea mafaili. Kuiwasha ni kubofya kisanduku kimoja na kuanzisha upya, na kuna mafundi watakaokufanyia hivyo bila kukwambia. Mlango huohuo ndio kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017, mpaka hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Duka linalopokea flashi za watu hamsini kwa siku mimi siliwashii.

Nilimweleza mama hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa nitaskani vipi?"

Mashine ile ina tundu la flashi pembeni ya kioo. Nikamwonyesha: chomeka hapa, skani, chomoa, peleka kwenye laptopu. Ni hatua tatu za mguu. Njia ya kufaa zaidi ingekuwa kuwasha ugawaji wa namba kwenye ruta na kuihifadhia kila mashine namba yake, na mashine ya fotokopi itume kwa barua pepe. Lakini pasiwedi ya ruta hakuna anayeijua, wala ya mashine ya fotokopi, na kuirudisha ruta kiwandani katikati ya msimu wa mikopo, na mipangilio ya laini ya simu ipotee, sikuwa tayari.

Niliandika namba za kompyuta zote tatu kwa kalamu ya wino mzito juu ya ile bahasha ya kaki, nikarudisha diski ndani. Kijana akachukua flashi, akaskani cheti cha kwanza, akatembea nacho hadi mezani.

"Zamani ilikuwa inaingia yenyewe," mama akasema, bila kuinua macho kwenye kioo.